Alama za Kaka Yangu Yarema

Natangaza kwa walimwengu wote, wenye masikio na wasio nayo, kwamba mimi, Nestor Petryshak wa mkoa wa Saskatchewan, nimetoa mchango katika elimu ya ubongo wa binadamu ambao wataalamu hawatausahau upesi. Nimeketi mbele ya daktari bingwa, nimeulizwa maswali mazito, na nimeyajibu yote bila kutetemeka.

Kabla hamjapiga makofi, ni haki niongeze kwamba nina miaka kumi na sita, kwamba nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Februari, na kwamba shule yangu ya bweni iliniachia niondoke baada tu ya kumaliza adhabu ya kusugua masufuria, kwa kuwa uji wa mwalimu wa nidhamu ulikuwa umegeuka buluu kwa njia ambayo sayansi bado haijaieleza. Niongeze pia kwamba yule daktari bingwa, alipomaliza kunisikiliza, alivua miwani akajifinya pua.

Kaka yangu Yarema ndiye aliyenifundisha ufundi wangu wote. Zamani alikuwa na uso wa kanisani. Angeweza kukuambia kwamba ng'ombe wa jirani amechaguliwa kuwa diwani, nawe ukachukua kofia ukaenda kumpongeza. Tena alikuwa nahodha wa timu ya mawe. Kwetu majira ya baridi hayana haraka ya kuondoka, na kila mji wenye kanisa una ukumbi wa barafu, na watu wanashinda humo wakitelezesha mawe mazito kuyapeleka kwenye duara. Mmoja anarusha, wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu ili liende mbali, na nahodha anasimama mwisho kabisa akipiga kelele. Yarema alipopiga kelele "Fagia!", hata mbwa waliokuwa nje walitaka kutafuta mafagio.

Alipokuwa chuoni alianza kusikia watu ambao hawakuwepo. Walimsema, walimtisha, walimkataza kulala. Madaktari wakasema ni skizofrenia. Dawa iliwafukuza wale watu, nasi tukashangilia, tukidhani wakiondoka wao atarudi yeye. Hakurudi hivyo. Alirudi mtu anayekaa kwenye kiti karibu na tundu la sakafuni linalotoa hewa ya joto, amevaa sweta ileile ya kijani, akiulizwa jambo anajibu neno moja, na uso wake hauonyeshi kama neno hilo ni la furaha au la msiba. Haogi mpaka aambiwe. Simu ya marafiki ikilia, anaiangalia mpaka inyamaze. Watu wa mjini wakasema amekuwa mvivu. Bibi yetu alisema ni chakula cha hospitali, akampikia supu ya bitiruti na pirohi, maandazi madogo ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, mpaka meza ikalemewa. Yarema alikula, akasema "Asante", akarudi kwenye kiti.

Nikiwa likizoni nakaa sakafuni karibu na kiti hicho, namsimulia mambo ya shule. Hacheki. Ila anasikiliza, na ushahidi ninao: siku moja nilikuwa namrudia Bibi kisa cha mbuzi aliyeingia maktaba, sauti ikatoka kitini, "Jana walikuwa mbuzi wawili."

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kabla ya likizo Mama alinipigia simu bwenini, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Nestor, kasema nataka!"

"Nani?"

"Kakako! Tulikuwa kliniki. Daktari Thiessen akamweleza utafiti wao, akamuuliza kama anapenda kuingia. Mimi nikafungua mdomo nimjibie kama kawaida. Akaniwahi. Akasema, 'Nataka.'"

Nililazimika kukaa kwenye ngazi. Kaka yangu hakuwa ametaka kitu chochote tangu augue. Ukimuuliza chai au maziwa, alisema vyovyote. Ukimuuliza dirisha lifungwe au liachwe, vyovyote.

"Utafiti wenyewe ni wa nini?"

"Daktari anasema ugonjwa huu una mambo yanayoongezeka, kama zile sauti, na mambo yanayopungua: hamu, maneno, kucheka, kutaka. Hayo yanayopungua dawa haziyawezi sana. Na wamekuta kwamba kwa wengi wenye hali kama yake, damu inapita kidogo zaidi sehemu ya mbele ya ubongo. Hapa, nyuma ya paji la uso."

"Unanionyesha kwenye simu, Mama."

"Basi jishike mwenyewe. Watampiga picha waone damu inavyopita. Halafu kila siku, kwa wiki kadhaa, wanamwekea sumaku juu ya kichwa hapo mbele, kisha wanampiga picha tena waone kama kuna kilichobadilika."

"Na kama hakuna?"

"Kama hakuna, hakuna. Amekwisha kuniambia hivyo daktari. Lakini kasema nataka, mwanangu! Ila kwanza watamhoji, na mtu wa nyumbani naye atahojiwa, halafu anapewa alama. Alama ndizo zitasema kama anaingia."

Hapo masikio yangu yalisimama. Neno alama nalijua sana, hasa kwa kutokuwa nazo. Mahojiano, alama, nafasi chache: huo ulikuwa mtihani wa kuingia shule, na mitihani ya namna hiyo ina kanuni moja tu. Unatabasamu, unasema sentensi ndefu, na unajidai kupenda mambo usiyoyapenda. Mimi mwenyewe nilipata nafasi yangu kwa kuapa mbele ya mkuu wa shule kwamba furaha yangu kuu ni kusoma mashairi kwa sauti.

Nilifika nyumbani na mpango kamili. Asubuhi ya kwanza nilimlaza Yarema kitandani mwa Bibi, miguu juu ya mito, kichwa kikining'inia kuelekea sakafuni, ili damu iteremke kwenye paji. Alikubali bila kuuliza. Uso wake ukawa mwekundu kama supu.

Bibi akaingia na nguo za kukunja. "Mnafanya nini?"

"Sayansi, Bibi."

"Sayansi inafanywa na soksi chafu juu ya mto wangu?"

"Habari za asubuhi, Bibi," Yarema akasema kutoka chini, kwa sauti ileile ambayo angesemea mezani.

Bibi akapiga ishara ya msalaba. "Nestor, mteremshe mwenzio kabla sijakuning'iniza wewe."

Yarema akajiinua mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka wekundu ukapungua. "Damu haiko hivyo," akasema.

"Ikoje?"

"Sijui. Si hivyo."

Nikageukia tabasamu. Nilimsimamisha mbele ya kioo. "Haya, kaka. Onyesha meno."

Akaonyesha meno.

"Kama farasi wa mnadani," Bibi akasema, akiendelea kukunja mashuka. "Mwache, we mtoto. Uso ni wake."

"Bibi, watampa alama!"

"Kwa nini nitabasamu?" Yarema akauliza.

"Ili wakuchukue."

Alifikiri kwa muda mrefu. Yeye sasa hufikiri kwa muda mrefu, na mtu akimkatiza lazima aanze upya, kwa hiyo nilisubiri huku nikiuma ulimi. Mwishowe akasema, "Nimechoka," akaenda kwenye kiti chake. Bibi akamfuata na blanketi, akamfunika magoti, akapapasa nywele zake kana kwamba ana miaka minne, naye akainamisha kichwa kidogo ili mkono ufike vizuri.

Hapo nikakata shauri. Kama yeye hawezi kuzipata alama, nitazipata mimi kwa ajili yetu sote. Mama wiki hiyo alikuwa anapika zamu mbili katika nyumba ya wazee, kwa sababu mwenzake alivunjika mkono barafuni, na Bibi hatoki nje njia ikiteleza. Aliyekuwa na Yarema kutwa nzima ni mimi. Daktari alisema sawa, Nestor ataeleza ya wiki hii, na Mama atapigiwa simu jioni aeleze ya zamani.

Siku ilipofika, Mama alichomoa waya wa umeme uliokuwa unapasha injini ya gari joto, akaanza kukwangua kioo. Bibi alisimama mlangoni na chupa ya chai yenye maji ya moto, amenuna. Yarema alikuwa amekatazwa kahawa tangu jana yake, kwa kuwa kahawa inabana mishipa ya kichwani na kuharibu vipimo.

"Bila kahawa, na baridi hii! Huo ni utafiti au kifungo?"

"Ni maji ya moto tu, Bibi," Yarema akasema. "Yanatosha."

Maneno hayo yalikuwa mengi kwake. Njia nzima hadi mjini Saskatoon alikaa katikati yetu, mikono juu ya magoti, na nilipomtazama usoni sikuona kitu. Ila nilipotazama chini niliona amevaa soksi safi, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama naye aliziona. Alikaza macho barabarani, akapenga kamasi, akasema ni hii baridi.

Alitushusha hospitalini akakimbilia zamu yake. Daktari Thiessen alikuwa mama mrefu wa mvi fupi, na kwenye kamba ya kitambulisho chake alikuwa amebandika pini ya ukumbi wa barafu. Alimwita Yarema "Bwana Petryshak", akampa mkono, akasubiri mpaka mkono ukaja. Wakaingia ofisini. Mimi nikabaki nje na jarida la mapishi. Walikaa muda. Kwa kupitia mlangoni nilisikia sauti ya daktari, kisha kimya, kisha neno moja la Yarema. Kisha daktari, kimya, neno moja. Nilijua anashindwa.

Alipotoka, muuguzi akampeleka chumba cha pili avue mkanda na kila kitu cha chuma, avae gauni la hospitali, asubiri picha. Nikaitwa mimi.

"Karibu, Nestor. Hapa hakuna jibu zuri wala baya," Daktari Thiessen akasema. "Nieleze tu wiki ilivyokuwa. Amekuwa anafanya nini?"

"Tuanze na lipi, Daktari? Ni mengi."

"Anza na lolote."

"Anaamka mapema kuliko jogoo. Anaoga huku anaimba."

"Anaimba?"

"Nyimbo za kwaya. Sauti nzito. Bibi anaomba apunguze."

Aliandika. Hakuna kitu kinachomtia mwongo moyo kama mtu anayeandika. Nikamweleza kwamba Yarema anapokea simu za marafiki mpaka sikio linapata moto. Nikamweleza alivyocheka hadi akaanguka kitini kwa kisa changu cha mbuzi. Nikamweleza kwamba Jumatano alikwenda ukumbini akawa nahodha, na timu yake ikashinda kwa jiwe la mwisho, na watu wakambeba.

"Wakambeba," akarudia.

"Mabegani. Ana mchumba pia. Anatibu meno ya farasi."

Huyo mchumba alinitoka bila kupangwa, nakiri, lakini alikuwa amekwisha kufika na sikuweza kumfukuza.

Daktari Thiessen ndipo alipovua miwani akajifinya pua. "Mimi nimemwona tofauti sana. Lakini watu wengine wananyamaza mbele ya daktari, na nyumbani ni watu wengine kabisa. Ndiyo maana tunauliza wa nyumbani, na maneno yenu yana uzito." Akafunga kalamu. "Basi ni habari njema, Nestor. Twende tumwambie."

Nilitembea nyuma yake nikiwa nimetuna kama jogoo. Yarema alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mashine ya picha, na gauni lake lenye vidoti, na zile soksi safi, viatu vikubwa vya theluji vimepangwa pembeni. Kutoka ndani ilisikika ile mashine ikigongagonga kama fundi bati. Alikuwa anautazama mlango wake. Hakuwa anatazama ukuta, wala sakafu. Alikuwa anautazama mlango.

Daktari alikaa karibu naye. "Bwana Petryshak, nimeongea na mdogo wako. Inaonekana nyumbani unaendelea vizuri kuliko nilivyofikiri, na nimefurahi. Ila maana yake ni kwamba utafiti huu haukufai. Kwa maelezo ya nyumbani, alama zako ni chache mno."

"Chache?" nikasema. "Daktari, nimempa zote!"

Akanigeukia. "Alama zetu zinahesabu kile kilichopungua. Mtu akiwa hana hamu, hana maneno, hatoki, alama zinapanda. Tunawatafuta wenye alama nyingi, kwa sababu hao ndio wanaokosa msaada. Siwezi kumwekea mtu sumaku kichwani kila siku kwa jambo asilonalo. Leo hatutapiga picha. Nitamwomba muuguzi amrudishie vitu vyake."

Uso wa Yarema haukubadilika hata kidogo. Mtu asiyemjua angeapa kwamba hajali. Aliinama, akavuta kiatu kimoja, akakishika magotini bila kukivaa. Akakaa hivyo. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha kamba ya kiatu, vinazungusha, vinazungusha.

Halafu akainua macho akanitazama mimi.

"Nestor," akasema. "Jiwe umeligusa?"

Daktari Thiessen akaacha kuinuka. Hakuhitaji kuelezwa. Kwenye mchezo wetu, fagio lako likigusa jiwe linalokwenda, jiwe hilo limeharibika, na hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Mara nyingi hakuna aliyeona. Unainua mkono mwenyewe, unasema nimeligusa. Mtoto anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kurusha. Unaweza kuwa mlevi, mdaiwa, msengenyaji, na bado ukakaribishwa ukumbini. Lakini aliyeligusa jiwe akanyamaza hapangwi tena timuni na mtu. Na mimi nilifagia chini ya nahodha huyu nikiwa mdogo hata fagio lilinizidi urefu. Aliwahi kuniuliza swali hilo mara moja, kwa sauti hiyohiyo, mbele ya ukumbi mzima.

Nilitafuta mzaha. Siku zote upo. Natia mkono mfukoni naukuta. Safari hii mfuko ulikuwa mtupu.

Nikainua mkono. Kwenye korido ya hospitali, mbele ya muuguzi na mzee mmoja aliyekuwa anasukuma toroli la mashuka.

"Nimeligusa," nikasema.

"Lipi?" Daktari Thiessen akauliza, kwa upole ulionimaliza kabisa.

"Yote, Daktari. Hajaimba. Haogi mpaka Mama amwambie, na wiki hii Mama hakuwepo, nimemwambia mimi. Hajapokea simu hata moja. Jumatano hakwenda ukumbini, nilimwomba twende tukatazame tu, akasema hapana. Mchumba hayupo. Farasi nao hawapo."

"Na kisa cha mbuzi?"

"Hakucheka. Hajacheka wiki nzima. Alhamisi nilijimwagia supu kichwani kwa makusudi mbele yake, sufuria nzima, ili acheke. Hakucheka. Aliinuka akaniletea taulo, akakaa tena." Nikaonyesha miguu yake kwa kidole. "Na leo amevaa soksi safi mwenyewe. Hilo ni kweli, Mama aliliona. Sijui kama lina alama."

"Nitaliandika," akasema. "Nitahitaji kuongea na mama yenu sasa hivi, si jioni. Na wewe utarudi ofisini kwangu uanze upya, siku baada ya siku." Kisha akamgeukia kaka yangu. "Bwana Petryshak, usivae viatu kwanza. Mama yenu akisema hivyohivyo, mlango ule utafunguliwa leo. Bado unataka?"

Tulisubiri. Hakuna aliyemkatiza. Hata mzee wa toroli alisimama.

"Nataka," Yarema akasema. Akakirudisha kiatu chini, sambamba na mwenzake.

Nilikaa kwenye benchi karibu naye. "Samahani, kaka. Nilidhani ni mtihani."

"Najua."

"Lakini si hilo tu." Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono, na mtu akishauinua hana faida kubakiza kitu. Nikamwambia yeye, huku daktari akisikia. "Mambo niliyomweleza, ya kuimba, ya simu, ya kubebwa mabegani, sikuyatunga. Isipokuwa huyo wa meno ya farasi. Mengine ni yako ya zamani. Nilipoanza kusema ilikuwa kama uko kule nyumbani unaimba bafuni na Bibi anagonga mlango, na sikutaka kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza unaacha. Nimekuwa nakaa karibu na kiti chako nikimngoja yule wa zamani. Wewe uliyeniletea taulo sikukutaja kabisa kwa daktari. Hilo ndilo jiwe nililoligusa."